Majani mawili, batobato moja, virusi viwili

Wandugu habari za asubuhi, asanteni kwa kuja. Kabla sijaongea chochote naomba muangalie hizi picha mbili hapa ukutani. Kushoto jani la muwa, kulia jani la muwa. Yote ni jani changa, lile la juu ambalo ndo limetoka kufunguka, na yote nimeyapiga picha nimeyainua jua likiwa nyuma, maana batobato ya miwa ukitaka kuiona vizuri usiangalie jani likiwa limelala, linyanyue, mwanga upite ndani yake, alafu shuka na macho mpaka kule chini jani linapoanzia, hapo ndo utaona vile vidoa vya kijani kilichopauka vimekaa katikati ya kijani kibichi, vimevutika kufuata urefu wa jani, na ukingo wake haujanyooka. Nani aniambie tofauti ya hayo majani mawili?

(Ukumbi kimya. Dada mmoja mbele anasema la kulia limepauka zaidi.)

Sawa, ni kweli umeona vizuri, ila hiyo ni mwanga wa siku ile tu. Mimi nimeshika majani ya namna hii kwa miaka mingi na siwezi kuyatofautisha kwa macho, na hata anaejua kuliko mimi hawezi. La kushoto lina kirusi kinaitwa SCMV, yani kirusi cha batobato ya miwa. La kulia lina kingine, SrMV, yani kirusi cha batobato ya mtama. Hivi ni virusi viwili, sio kimoja kilichobadilika kidogo, ni viwili kabisa, kwa kiwango kwamba wataalam wa kupanga virusi kwenye hili kundi wanasema ukilinganisha vinasaba vyao vyote herufi kwa herufi zikafanana chini ya asilimia 76 basi hizo ni spishi mbili, na hawa wawili wako chini ya hapo. Mkulima akiangalia anaona ugonjwa mmoja. Na sisi watu wa maabara kwa miaka mingi sana tuliona ugonjwa mmoja pia. Hicho ndo nimekuja kuongea leo, kwamba jina la ugonjwa sio jina la kirusi, na pale tunapochanganya hivi vitu viwili ndo mashamba yanapotuponyoka mikononi.

Twende nyuma kidogo. Batobato ya miwa iliandikwa mara ya kwanza huko Java, kisiwa cha Indonesia, mwaka 1892, Waholanzi wakati ule wakauita ugonjwa wa milia ya njano, hakuna aliejua ni nini, wengine wakadhani ni mmea tu umechoka. Baadae ukaingia Puerto Rico, Argentina, Louisiana kule Marekani, ukasambaa kwenye miwa kama moto kwenye nyasi kavu. Mwaka 1920 Mmarekani mmoja, Brandes, akaonyesha kwamba vidukari, wale wadudu wadogo wa kwenye mahindi, ndo wanaoubeba kutoka mmea hadi mmea. Sasa hapo kukawa na matumaini, tumemjua mbebaji, tumeujua ugonjwa, kazi imebaki kutafuta mbegu inayovumilia. Na mbegu zikapatikana kweli, kule kule Java wakachanganya muwa mnene wa sukari na ndugu yake wa porini, yule mwembamba mgumu asie na utamu wa maana, wakapata zile mbegu za POJ, maarufu kuliko zote POJ 2878, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 mashamba ya Java yalikua karibu yote ni hiyo. Louisiana kiwanda cha sukari kilikua kinakaribia kufa, POJ zilizofika huko zikakiokoa.

Alafu kirusi kikarudi. Ukweli hata "kikarudi" sio neno sahihi, kilichokuja ni kingine. Kule Louisiana wakaanza kuzipa herufi zile aina ndogo ndogo za kirusi, tunaziita streini, streini A, streini B, C, D, wanaendelea hivo hivo, na njia yao ya kuzitofautisha ilikua ni kuchukua maji ya jani linaloumwa wanayapaka kwenye aina maalum za miwa na mtama, wanasubiri, wanaangalia mmea gani umepata vidoa, upi umepata michirizi myekundu, upi umekufa, upi hauna kitu. Kazi ya subira kweli kweli. Miaka ya 1950 ikatokea streini H ambayo ilikua inapita kwenye mbegu ambazo zilikua zimeshazoea kuishi na zile za zamani. Zikafuata I, na M. Zote hizo kwenye vitabu zimeandikwa SCMV, streini H ya SCMV, streini M ya SCMV.

Ilichukua mpaka 1989 ndo kikundi cha watafiti wakiongozwa na Shukla wakakaa wakaangalia ile protini inayofunika kirusi, hasa kipande chake cha mwanzo ambacho kinajitokeza nje, wakagundua hii familia tunayoiita SCMV ni virusi vinne. SCMV yenyewe, SrMV, na wengine wawili ambao ni zaidi wa mahindi na nyasi. Streini H, I na M zote zikahamia SrMV. Yani wale watu wa Louisiana walikua wanapigana na adui mpya kwa miaka thelathini na kitu huku kwenye makaratasi wanamuita kwa jina la yule wa zamani. Mimi siwalaumu hata kidogo, walikua hawana njia ya kusoma vinasaba, walichokifanya kwa kupaka maji ya majani kwenye mtama ni kikubwa mno, na herufi zao zilikua zinaonyesha tofauti ya kweli, ni jina tu ndo lilikua limekosea.

Na haikuishia hapo maana baadae Asia kukaonekana batobato nyingine yenye michirizi, inaitwa SCSMV, ambayo hata jenasi yake, yani lile kundi lililo juu ya spishi, ni nyingine, imepatikana mara ya kwanza kwenye miwa iliyotoka Pakistan ikiwa karantini Marekani, alafu wakaanza kuiona India, Indonesia, China na kwingine. Kwaiyo jani moja la batobato linaweza kua na SCMV, au SrMV, au SCSMV, au viwili kwa pamoja, au vyote vitatu.

Sasa kwanini virusi vinakua vingi namna hii na muwa unabaki vile vile? Hapa naomba mnisikilize kwa makini maana ndo kiini cha kila kitu.

Muwa tunapanda kwa vipande. Unakata, kila kipande kina macho mawili matatu, unalaza kwenye mfereji, unafukia, linaota. Huo muwa ulioota sio mtoto wa ule wa kwanza, ni ule ule. Shamba zima la mbegu moja, hata liwe na hekta elfu, ni mmea mmoja uliokatwa katwa ukatawanywa, na ukivuna kisiki kinachipua tena, bado ni ule ule. Kinga yake ni ile ile, udhaifu wake ni ule ule, miaka ishirini, miaka thelathini. Na kama kile kipande cha kwanza kilikua na kirusi, kila kipande kitakachotoka humo kinaweza kua nacho, hekta moja ya mbegu unapanda karibu kumi, mwaka unaofuata mia.

Upande wa pili kuna kirusi. SCMV vinasaba vyake ni uzi mmoja wa RNA, ndugu yake DNA, wenye herufi kama 9,600 hivi. Ni kidogo sana, ujumbe mrefu wa simu unazidi hapo. Akiingia kwenye chembe ya jani anajinakili, na ile protini yake ya kunakili haina tabia ya kurudi nyuma kuangalia kama imekosea. Sisi seli zetu zinahakiki, zinafuta, zinaandika upya. Yeye hapana. Kwa virusi vya RNA makosa yanakua kati ya herufi moja kwenye elfu kumi mpaka moja kwenye milioni, piga hesabu mwenyewe, herufi 9,600, pale makosa yanapokua mengi ni karibu kosa moja kila nakala. Na nakala ndani ya jani moja ni mamilioni kwa mamilioni. Kwaiyo ukishika jani linaloumwa usidhani umeshika kirusi kimoja, umeshika kundi la ndugu ambao kila mmoja ana herufi zake mbili tatu za peke yake, wengi wao ni wabovu wanakufa, wengine hawana tofauti yoyote ya maana, na mmoja mmoja hapa na pale ana kitu ambacho siku hali ikibadilika kitamfaa.

Alafu anakuja kidukari. Kidukari wa batobato hakai kunywa, anachoma jani kwa sekunde chache kuonja tu kama hapa panafaa, na kule kuonja kunatosha kirusi kung'ang'ania kwenye mdomo wake, akiruka akaonja mmea mwingine ameshapanda ugonjwa, na baada ya muda mfupi mdomo umeshakua msafi tena. Ndo maana kupiga dawa ya wadudu kwa ajili ya batobato kunakatisha tamaa, mpaka dawa imuue kidukari ameshaonja. Lakini nataka muone kitu kingine. Kwenye lile kundi la mamilioni, wanaovuka na kidukari ni wachache sana. Kundi jipya kwenye mmea mpya linaanza na hao wachache, yani bahati nasibu, na kama kwa bahati wamevuka wale wenye herufi tofauti basi mmea wa jirani unakua na ukoo tofauti kidogo. Fanya hivyo kwa miaka mia kwenye mashamba ya nchi nzima.

Hayo ni makosa ya herufi moja moja. Kuna njia nyingine ambayo mimi naiogopa zaidi, kuchanganyika. Virusi viwili vikikutana ndani ya chembe moja, ile protini ya kunakili inaweza kuanza na uzi wa huyu ikaruka katikati ikaendelea na uzi wa yule. Kinachotoka ni kirusi ambacho nusu ni ya huyu nusu ya yule. SCMV wanafanya hivyo sana, ukisoma vinasaba vya wale wa mahindi na wa miwa unakuta alama za mchanganyiko kila mahali.

Na mfano mzuri kuliko yote ni kirusi cha jani la njano, SCYLV. Huyu ni mwingine kabisa, hana batobato, dalili yake ni ule mshipa mkubwa wa katikati ya jani, geuza jani uangalie kwa chini utaona mshipa umekua wa njano iliyokolea wakati jani lenyewe bado kijani, alafu taratibu ncha inaanza kukauka. Ugonjwa ulionekana Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1980, na Brazil miaka ya 1990 mwanzoni uliiangusha mbegu iliyokua inapendwa sana, SP71-6163, kuna mashamba yalipoteza karibu nusu ya mavuno. Watafiti walipomsoma vinasaba vyake mwaka 2000, herufi kama 5,900, wakashangaa, sehemu moja inafanana na ukoo fulani wa virusi, sehemu nyingine inafanana na ukoo mwingine, sehemu ya tatu na mwingine tena. Yani huyu kirusi mwenyewe kuwepo kwake ni matokeo ya kuchanganyika. Hapo zamani mababu watatu wa koo tofauti walikutana mahali, akatoka yeye.

Na nae sasa ana watoto. Wamepewa majina ya sehemu walikopatikana, BRA, PER, CUB, REU na wengine wa Asia waliofuata. Walipowaweka kwenye majaribio wakaona hawana uwezo sawa wa kuambukiza, kuna mbegu ambayo aina moja inaingia kirahisi na nyingine inahangaika. Sasa wewe mtu wa kuzalisha mbegu unaniambia mbegu yako inastahimili jani la njano, swali langu la kwanza ni moja tu, ulijaribu na yupi?

(Mzee mmoja katikati anauliza kama hizi tofauti ndogo ndogo kweli zinamuhusu mkulima au ni za wasomi.)

Mzee wangu swali lako ni la haki na nitalijibu kwa kisa changu mwenyewe, ambacho hua sipendi kukisimulia lakini nadhani hapa panastahili.

Miaka kadhaa nyuma nilikua mahali ambapo tulikua tunapima miwa kabla haijaenda kuzalishwa kama mbegu. Kipimo chetu kilikua PCR. Kwa wale wasiojua, PCR inatumia vipande viwili vifupi vya vinasaba, tunaita praima, ambavyo vinatafuta mahali vinapofanana na kirusi vinajishika hapo, alafu kile kipande cha katikati kinazalishwa mara mamilioni mpaka kinaonekana kwenye jeli kama mstari unaong'aa. Mstari ukiwepo, kirusi kipo. Mstari usipokuwepo tunaandika hakijaonekana. Ikaja miwa mashina manne, na kwa macho yangu shina moja lilikua na batobato, sio kali, ila niliinua jani kwenye dirisha nikaiona. Nikapima, jeli nyeupe, yani hamna mstari. Nikarudia, jeli nyeupe. Nikachukua jani jingine nikarudia mara ya tatu, mstari wa kulinganishia ule tunaoujua unang'aa vizuri kabisa, wa shina langu hamna. Mwisho nikajiambia labda ni upungufu wa madini, nikasaini.

Praima zetu zilikua zimeandikwa kwa kufuata SCMV. Muwa ulikua na SrMV. Herufi chache zilikua hazifanani pale mwisho wa praima, pale ambapo lazima ishike sawasawa, na kwa sababu hiyo tu kirusi kikapita mbele ya kipimo kama hakipo. Tulikuja kujua msimu wa pili wakati ile miwa imeshazalishwa na imeshaota, mstari mzima wa batobato, na familia ambazo zilikua zimepanda ile wakiamini ni safi zikaambiwa zing'oe. Nilikuwepo siku ya kung'oa. Kuna mama alikua anaweka mashina pembeni moja moja kwa utaratibu kama anapanga kuni, hakusema neno lolote. Kwaiyo mzee, zile tofauti ndogo, herufi tatu nne, ndo zile. Zinamuhusu.

Toka siku hiyo mimi sisomi ripoti ya "hakijaonekana" bila kuuliza kipimo kimeandikwa lini, kwa kufuata vinasaba vya virusi vya wapi, na vingapi. Kipimo kilichoandikwa kwa kufuata virusi kumi vya bara moja kinawajua hao kumi na ndugu zao. Ndo maana naona kukusanya na kusoma vinasaba vya virusi kutoka kila sehemu muwa unapolimwa sio anasa, bila hiyo kazi vipimo vinazeeka kimya kimya, hakuna kengele inayolia.

Sasa nimeongea RNA tu hapa, lakini miwa ina virusi vya DNA pia na vyenyewe vina maajabu yake. Kuna ugonjwa wa michirizi, huu wa kwetu Afrika, vinasaba vyake ni duara dogo la herufi kama 2,700, na ukikiangalia kirusi kwenye darubini ya elektroni unakuta vimungunya viwili vimeungana, pacha. Mtu aliefungua njia hapa ni Storey, Muingereza alieanza kazi Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1920 alafu akahamia kituo cha Amani, Tanganyika. Huyu ndo alieonyesha michirizi inabebwa na mdudu mdogo mrukaji, Cicadulina mbila, na akaonyesha kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria nakipenda, kwamba ndani ya aina ile ile moja ya mdudu kuna wanaoweza kubeba na wasioweza, na uwezo huo unarithiwa, na wale wasioweza ukiwatoboa utumbo kwa sindano ndogo kirusi kikipita kwenye damu wanaanza kubeba. Kwa vifaa vya wakati ule! Na aliona pia kwamba michirizi ya mahindi na ya miwa haitendi sawa ukiihamisha huku na kule. Alikua anaona utofauti wa vinasaba kabla hakuna mtu anaejua vinasaba ni kitu gani. Leo tukisoma tunakuta michirizi ya miwa sio kirusi kimoja, kuna wa Natal, kuna wa Misri, kuna wa Réunion, na wengine waliongezeka baadae, kila mmoja spishi yake.

Hapo hapo kuna funzo la mbegu ya Uba. Natal walikua wanaipenda Uba, batobato ilikua haiigusi, wakaipanda karibu kila mahali. Michirizi ikaimaliza. Na Queensland, Australia, sehemu ya Bundaberg, miaka ya 1970, mbegu NCo310 ilikua imejaa kila shamba, nzuri kwa kila kitu, wakaja kukutana na ugonjwa wa Fiji, ambao ukipitisha kidole chini ya jani unahisi vivimbe vimetuna kwenye mishipa, na kirusi chake vinasaba vimegawanyika vipande kumi tofauti ambavyo vinaweza kubadilishana. Mbegu moja kila mahali ni kama nyumba mia zenye funguo moja. Papua New Guinea katikati ya miaka ya 1980 nao bonde la Ramu, mbegu ya Ragnar, hivyo hivyo, ugonjwa wa kudumaza na ilibidi waiache.

Tukirudi kwenye virusi vya DNA, kuna vile vya umbo la fimbo fupi, vilivyoonekana Cuba mwaka 1985, vinabebwa na yule mdudu wa pinki mwenye unga mweupe anaejificha chini ya ganda la jani kwenye kifundo. Hawa ndo wenye utofauti mkubwa kuliko wote kwenye miwa, ukichukua sampuli kutoka mkusanyiko mmoja wa mbegu unapata spishi kadhaa, na baadhi wanafanana na virusi vya migomba kiasi kwamba mpaka wa nani ni wa nani unakua mgumu kuuchora. Mara nyingi muwa wake hauonyeshi dalili yoyote. Unakaa nao, unasafiri nao.

Na hili la kusafiri nataka nilikazie. Muwa unasafiri kwa mikono yetu kuliko kwa wadudu. Mwaka 2014 wataalam walitangaza kirusi kipya cha kundi la michirizi, kilipatikana kwenye muwa uliotoka Misri ukiwa karantini kule Montpellier, Ufaransa, alafu wakakikuta tena kwenye muwa uliotoka Barbados. Hakuna praima iliyokitafuta maana hakuna aliejua kipo. Walichofanya ni kusoma kila kipande cha vinasaba kilichokuwemo kwenye jani bila kuchagua, alafu kompyuta ikapanga. Ndo kikatokea. Sasa jiulizeni, mmea ulikua kwenye mikono ya watu makini, karantini, na vipimo vya kawaida visingekiona kamwe. Mimi nasema kwa miwa ya mbegu inayovuka mipaka huu usomaji wa kila kitu unapaswa kua kawaida, gharama zake zimeshuka sana ukilinganisha na zamani, na hasara ya kung'oa mnaijua.

Watu wananiuliza, si tunachemsha mbegu kwenye maji ya moto? Ndugu zangu maji ya nyuzi 50 kwa masaa mawili ni dawa nzuri sana ya bakteria wa udumavu wa visiki, endeleeni nayo, lakini kirusi cha jani la njano hakiondoki kwa hayo maji. Kinachokiondoa ni kuchukua ile ncha changa kabisa ya muwa, kipande kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, ambako kirusi hakijafika, unakikuza kwenye chupa mpaka kiwe mmea. Na hapo hapo usisahau kupima tena, na kupima kwa zaidi ya kirusi kimoja.

Na tusidhani haya yanaishia kwenye muwa. SCMV anaingia kwenye mahindi, na mwaka 2011 Kenya alipokutana kwenye mmea mmoja na kirusi kingine cha mahindi kinaitwa MCMV, mahindi ya Bomet yakaanza kufa yakiwa yamesimama. Peke yake SCMV kwenye mahindi ni ugonjwa wa kuvumilika. Wawili pamoja shamba linakauka. Hata kuishi na jirani kunabadilisha madhara ya kirusi, sio lazima abadilike yeye mwenyewe.

Namalizia na ombi, na ni ombi la vitendo. Wale mnaotuma sampuli, msitume jani moja baya kuliko yote mkaishia hapo. Chukua jani changa la juu lililofunguka lote, kwa jani la njano chukua na mshipa wake wa katikati maana kirusi kinakaa kwenye mishipa tu. Chukua kwenye shina linaloumwa, alafu nenda hatua kumi chukua kwenye shina ambalo unaona halina kitu, na hilo uliandike kua halina dalili, sisi tunalihitaji sawa na lile linaloumwa. Kama shamba lina mbegu tatu chukua kwenye zote tatu. Nyasi pori pembezoni zenye milia, nazo chukua. Andika jina la mbegu, mwaka ilipopandwa, mara ngapi imevunwa, na vipande vya mbegu vilitoka wapi, hii ya mwisho watu wengi wanairuka na ndo inayotusaidia kufuatilia ukoo wa kirusi. Funga kwenye karatasi sio kwenye nailoni, nailoni inaozesha. Na kama majibu yakirudi yameandikwa hakijaonekana wakati wewe unaona vidoa kwa macho yako, usikubali, turudishie, tuambie umeona nini, tutapima tena kwa njia nyingine.

Haya, maswali. Yule kijana wa pale nyuma alinyoosha mkono toka mwanzo, anza wewe.